Pesa ya kulinda mlima: anzeni kupima kuni kabla ya kutafuta mfadhili

Swali: *Sisi ni asosiasio ya wakulima 64, wengi wakina mama, upande wa kijiji cha Miti, Kivu Kusini nchini Kongo, karibu na mpaka wa Parki ya Kahuzi-Biega. Msitu unaisha kwa makala (mkaa) na mashamba yetu yamechoka. Tumeandika mradi wa miti, mizinga ya nyuki na mbuzi, tukautuma kwa wafadhili sita. Watano wamenyamaza. Mmoja amejibu kwamba haoni mradi wetu unalinda nini. Tutapata wapi pesa ya kulinda mlima huku watu nao wakila?* (Prezida wa asosiasio, Kabare)

Mama Prezida, huyo mmoja aliyejibu amewasaidia kuliko wale watano. Miti, mizinga na mbuzi ni vitu vizuri, lakini karatasi yenu haionyeshi ni kwa njia gani mtu anayekata msitu leo ataacha kukata kwa sababu jirani yake amepewa mbuzi. Huo ni ugonjwa wa zamani wa miradi ya pembezoni mwa parki. Familia inapokea mbuzi, inashukuru, na makala yanaendelea. Pato jipya linakaa juu ya lile la zamani, haliling'oi. Kuna mahali ambapo pesa ya mbuzi ndiyo iliyonunua shoka la pili.

Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta mfadhili wa saba, chukueni orodha yenu ya majina 64 mtie alama kwa kila anayechoma makala, au mwenye mtoto anayechoma. Asosiasio nyingi zikifanya zoezi hili zinapata alama mbili, tatu, au hakuna kabisa. Wanachama ni watu wenye shamba na muda wa mkutano. Wachomaji ni vijana wasio na shamba, wanaolipwa kwa gunia, na hawajawahi kuitwa mkutanoni. Kama hawamo kwenye orodha, mradi wenu unawasaidia wanachama, jambo ambalo si baya, lakini msiuite ulinzi wa mlima.

Hatua ya pili ni mizani. Nunueni mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza maharagi, mpige kura mpate familia 20 kati ya 64. Asubuhi ya siku ya kwanza pimeni kuni zote zilizopo nyumbani. Kila kinachoingia kinapimwa, na baada ya siku 7 mnapima kilichobaki. Andikeni pia idadi ya watu waliokula kila siku, maana wiki ya msiba huharibu hesabu. Makala yapimwe peke yake. Rudieni mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua, kwa sababu kuni mbichi zinaingia nzito na kuwaka kidogo.

Tuseme mmepata kilo 8 za kuni kwa familia kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 2,920, na kwa familia 64 ni karibu tani 187. Shamba la mikaratusi lililotunzwa vizuri, kwa hesabu ya tahadhari, linatoa mita za ujazo 10 kwa hekta kwa mwaka, yaani karibu tani 6 za kuni kavu. Mngehitaji hekta 31. Mkitumia mbabula (majiko) nzuri zinazopunguza kuni kwa theluthi moja, tani zinashuka hadi 125 na hekta hadi 21. Sasa mna sentensi ambayo mfadhili hajawahi kuisoma katika barua zenu: familia 64 zinatumia tani 187 za kuni kwa mwaka, tunataka kuzipunguza hadi 125 na kuzipata nje ya parki. Hapo anaona kinacholindwa.

Makala yana hesabu yake, nayo ni chungu zaidi. Tanuru la udongo la kawaida linakula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makala. Nyumba ya Bukavu inayochoma kilo 2 kwa siku inateketeza kilo 14 za mti, tukizidisha kwa 7, na nyumba yenu ya kijijini kilo 8 tu. Kwa hiyo msidanganyane kwamba kuni za jikoni kwenu zikipatikana makala yatakwisha. Soko la makala liko Kadutu na Ibanda, mitaa ya Bukavu. Kuni za nyumbani ni kazi ya kwanza, wachomaji ni kazi ya pili, na ziandikwe mbali mbali katika dosie yenu.

Sasa ardhi, na hapa ndipo miradi mingi ya miti ya eneo la Bushi inapofia bila mtu kujua sababu. Mnajua wenyewe tofauti ya kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi amelipa ng'ombe au mbuzi wake, shamba ni lake na la watoto wake, anaweza kupanda mti. Mwenye bwasa analima kwa msimu. Akipanda mti ni kama ametangaza kwamba shamba limekuwa lake, na mwenye shamba atang'oa mche au atamfukuza mtu. Mgeni wa mradi haoni hilo. Anagawa miche 150 kwa kila mtu, na baada ya miezi mitatu anaambiwa mbuzi wamekula. Tieni safu kwenye orodha yenu: kalinzi, bwasa, au hana kitu. Kwa wa bwasa kuna njia mbili. Mwenye shamba anasaini mbele ya shefu wa kijiji kwamba miti ni ya mpandaji na ardhi inabaki ya mwenyewe, mavuno yanagawanywa kwa kipimo mlichopatana. Au mtu huyo apewe mbabula na nafasi ya kazi kwenye kitalu, asipewe miche hata kidogo.

Mnaona pia kwamba hekta 21 kwa Kabare ni ndoto. Basi pandeni mipakani. Shamba la nusu hekta lenye mita 50 kwa 100 lina mzunguko wa mita 300. Ukiweka mti wa grevilea kila mita 2 unapata miti 150, na watu 64 wanapata 9,600 bila kupoteza mstari hata mmoja wa maharagi. Grevilea inavumiliana na mazao, inakatwa matawi kila mwaka, na matawi hayo ndiyo kuni. Ongezeni hekta moja ya mikaratusi kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, miche 1,600, mbali na chemchemi na mashamba ya watu. Jumla ni miche 11,200. Kwa kuwa mmoja kati ya mitano hufia kitaluni, jazeni vifuko 14,000. Wengi wenu hawana nusu hekta, nalijua hilo. Pimeni mipaka kwa kamba halafu msahihishe namba, msiazime yangu.

Karibu na mikaratusi wekeni kaliandra kwenye kingo za mteremko. Inashika udongo, inalisha mbuzi, na inaanza kutoa vijiti vya kuwasha mapema, wakati mkaratusi unawasubirisha miaka 5 hadi 7. Bila kitu cha kujaza hiyo miaka mitano ya njaa ya kuni, watu watarudi msituni kabla mti wenu haujanenepa.

Kalenda ndiyo inayoua miche kuliko wadudu. Mvua zinaanza Septemba, na miche inapandwa Septemba hadi Oktoba ili iingie kiangazi cha Juni ikiwa na mizizi ya kutosha. Mbegu za grevilea zinahitaji miezi 4 hadi 6 kitaluni, kwa hiyo zinasiwa Machi au Aprili, na pesa ya vifuko, mbegu na vibarua lazima iwe mkononi Februari. Mfadhili akichelewa, pesa ikafika Juni, mkapanda kwa haraka ili ripoti isiwe tupu, miche inaingia shambani ikiwa na urefu wa kidole. Andikeni kwenye mkataba: pesa ya kitalu ikipita Machi 15, upandaji unasogea msimu unaofuata bila adhabu. Wafadhili wengi wanakubali wakielezwa mapema. Wakielezwa baadaye wanasema mmeshindwa.

Kitu kidogo cha kuangalia kwa macho: pasueni kifuko cha mche uliokaa kitaluni muda mrefu. Mzizi mkuu umefika chini, umekosa njia, umejikunja kama mkia wa panya. Ukipandwa hivyo unaendelea kujinyonga, na mwaka wa tatu mti unaangushwa na upepo mdogo huku watu wakilaumu udongo. Kateni sentimita 1 au 2 za chini ya kifuko kwa wembe, ondoeni kifuko chote, chimbeni shimo la sentimita 40 kila upande, na udongo wa juu ndio urudi chini kwanza. Siku moja ya mafunzo inatosha, mradi kila mtu apande mche mmoja mbele ya wenzake.

Na msilipe kwa mche uliopandwa. Lipeni nusu ya malipo siku ya kupanda, nusu nyingine Septemba inayofuata kwa miche iliyo hai, mkihesabu pamoja shamba kwa shamba. Chini ya 70 kwa 100 ulizeni sababu kabla ya kukata malipo. Mara nyingi ni mbuzi wa jirani, na dawa yake ni kikao cha kijiji kuhusu mifugo inayozurura.

Kuhusu wachomaji, tatizo lao ni siku ya malipo. Gunia la makala linalipa wiki hii. Asali inalipa mara moja au mbili kwa mwaka, kahawa inaanza kulipa mwaka wa tatu. Mtoto akifukuzwa shule Jumatatu kwa minervali (ada), baba hatangoja nyuki. Kwa hiyo kijana wa makala apewe kwanza kazi ya kitalu inayolipwa kila wiki mbili, kuanzia Machi hadi Oktoba, halafu sehemu iliyoandikwa ya mavuno ya ile hekta ya mikaratusi, tuseme theluthi moja, akibaki mtunzaji wake. Watu 10 au 12 wanatosha kuanzia. Wengine watakuja kuuliza kama wale wa kwanza wamelipwa kweli.

AVEC, yaani kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa, ni muhimu kwa sababu hiyohiyo: watu 15 hadi 25, kununua hisa kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kugawana baada ya miezi 9 hadi 12. Pesa ya mfadhili isiingie sandukuni hata siku moja. Mkopo wa pesa ya mgeni haurudishwi kama ule wa jasho la jirani. Mradi ulipie mafunzo, sanduku na madaftari tu.

Mizinga iko sawa kama pato la ziada, hasa kwa mwenye kalinzi karibu na miti inayochanua. Mnunuzi wa mjini atapima unyevu. Asali iliyozidi maji 20 kwa 100 itachacha, na hutokea kwa sababu watu wanavuna masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Wekeni sharti moja: hakuna kuvuna kwa kuchoma moto porini, ni bomba la moshi tu.

Kahawa nayo inatajwa sana. Inafaa kwenu, ila fanyeni hesabu ya kontena kabla ya kuahidi soko la nje. Kontena moja ni magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa safi, na kilo 1 inatoka kwenye karibu kilo 6 za matunda mekundu. Ni zaidi ya tani 115 za matunda. Watu 64 hawafiki huko. Ingieni kooperative iliyopo yenye kituo cha kuoshea, muuze matunda kwa kilo. Nyongeza ya Fairtrade (cheti cha biashara ya haki), senti 20 za dola kwa ratili, inapita huko. Ulizeni mkutano mkuu uliamua itumike wapi.

Kuna jambo ambalo barua yenu haikulitaja: Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo. Parki ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000 za mlima, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 600,000, na familia za Batwa ziliondolewa bila mahali pa kwenda. Mwaka 2024 ulichapishwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliowapa haki, na Kongo ina sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 kuhusu watu hao. Mfadhili yeyote mzito atauliza. Msiwaweke kama picha ya jalada. Kama kuna familia zao karibu, kaeni nao kikao peke yao kwanza, kwa lugha yao, waseme wanachotaka na wasichotaka, na muwe tayari kusikia kwamba miche haiwasaidii kitu kwa kuwa hawana pa kuipanda.

Sasa pesa. Juu kabisa haikosi. Desemba 2022, Montreal, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 20 kwa mwaka kufikia 2025 na bilioni 30 kufikia 2030 kwa viumbe hai vya nchi zinazoendelea (mjumbe wa Kongo ndiye aliyepinga namna pesa ingepita, na mwenyekiti akagonga nyundo hata hivyo). Mwaka 2021 CAFI, mpango wa wafadhili wa misitu ya Afrika ya Kati, iliahidi Kongo dola milioni 500 kwa msitu. Tatizo ni urefu wa bomba: Kinshasa, shirika la utekelezaji, jimbo, ndipo kijiji. Ninyi hamtalifungua bomba hilo kutoka juu.

Mlango wenu ni wa ukubwa wa dola 10,000 hadi 50,000. Kuna programu ya ruzuku ndogo za GEF (mfuko wa dunia wa mazingira) inayosimamiwa na PNUD, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyozoea asosiasio za vijiji. Kuna PPI, programu ya miradi midogo inayolipwa na mfuko wa mazingira wa Ufaransa, FFEM, kwa mashirika ya kiraia ya Afrika. Rufford Foundation ya Uingereza humsaidia mtu mmoja mwenye mradi, kwa hiyo kijana wenu aliyesoma mazingira anaweza kuomba sehemu ya utafiti, kama ile hesabu ya kuni. Njia ya haraka zaidi kwa asosiasio isiyo na historia ya fedha ni kuwa chini ya ASBL (shirika lisilo la faida) kubwa ya Bukavu yenye mkataba tayari, mkapewa sehemu ya kazi. Dai moja tu: bajeti yenu iandikwe kwa jina lenu, si ndani ya "shughuli za jamii" za mwingine.

Pato la utalii liacheni pembeni. Rwanda inarudisha kwa vijiji asilimia 10 ya mapato ya utalii wa parki, na Uganda asilimia 20 ya kiingilio, lakini hilo linahitaji watalii wanaokuja kila wiki. Parki ya Bwindi, Uganda, walifanya jambo la busara zaidi: miaka ya 1990 mfuko wa dola milioni 4.3 uliwekezwa, linatumika pato lake tu, na asilimia 60 ikaenda kwa miradi ya jamii. Kwa mfano, pato la asilimia 4 ni dola 172,000 kwa mwaka, hata mtalii asipokuja. Mfuko wa namna hiyo unajengwa na mikoa, si na asosiasio. Kuuza kaboni inayoshikwa na miti nako ni miaka ya upimaji na gharama za wakaguzi. Mtu akiwaletea mkataba wa kaboni wa kusaini leo, usisainiwe leo.

Karatasi. Chini ya sheria 004/2001 ASBL hairuhusiwi kugawana faida. Mkiuza miche na mbabula na kugawana, mfadhili atawakamata kwenye hesabu. Biashara iwe ndani ya kooperative rahisi ya OHADA (sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika), ambayo watu 5 wanatosha kuianzisha, na ASBL ibaki na ruzuku.

Bajeti ya dola 20,000 kwa miezi 18 inaweza kukaa hivi: kitalu, vibarua na upandaji 8,200, mbabula, ziuzwe kwa mkopo mdogo na pesa izunguke, 2,600, upimaji na uhesabuji 2,400, mtunza hesabu na mkaguzi wa mwisho 2,200, safari na vikao 1,900, mafunzo ya AVEC 1,300, ada za kutuma pesa na dharura 1,400. Wengi husahau mistari miwili: ya upimaji, halafu wanakosa ushahidi, na ya ada za kutuma. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki za biashara zilifunga milango na malipo yakahamia kwenye simu. Simu ina ukomo kwa kila akaunti na makato kila hatua. Kubalianeni na mfadhili mapema nani anapokea, kwa laini ipi yenye jina la nani, na daftari lioneshe nambari ya kila muamala. Malipo yoyote yasiyo na risiti, hasa ya barabarani, mwulizeni mfadhili kwa maandishi kabla ya kulipa, maana yanaweza kuvunja mkataba mzima.

Na msiandike doria ndani ya mradi. Kazi ya kukamata watu msituni si ya asosiasio ya wakina mama, inaleta hatari mlangoni kwenu. Ushahidi wenu ni zile familia 20 zilizopimwa, zipimwe tena baada ya mwaka kwa mizani ileile, pamoja na picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2, ambayo doa lake moja ni mita 10. Chukueni za Juni hadi Agosti, kwa sababu miezi mingine Kahuzi umefunikwa na mawingu.

Mkishapima wiki ya kwanza, mrudieni yule mfadhili mmoja aliyejibu. Mtumieni kurasa mbili tu: tani 187 au namba yenu halisi, orodha yenye safu za kalinzi na bwasa, idadi ya wachomaji mliokwisha kukaa nao kikao, na tarehe ambayo pesa ya kitalu lazima iwe imefika.